Kozi ya mtandaoni haianzi na slaidi za mtaalamu

Ukitaka kujua kwa nini kozi nyingi za kazini mtandaoni zinachosha, acha kwanza rangi zake na ile sauti ya roboti inayosoma maandishi. Uliza ilitengenezwaje. Mara nyingi hadithi ni ile ile: bosi kasema "haya mafunzo yawekwe mtandaoni", mtaalamu kaombwa atume alichonacho, katuma pawapointi ya slaidi mia na ushee aliyokuwa akifundishia ukumbini, mtu wa kompyuta kaikatakata, kabandika vitufe vya "endelea" na maswali kumi mwishoni. Mfanyakazi anabofya mpaka mwisho, anapewa cheti, na Jumatatu anafanya kazi vilevile kama alivyokuwa akiifanya.

Tatizo hapo lilianza kwenye ombi lenyewe. Mtaalamu aliombwa atoe anachokijua, wakati kozi ya kazini inahitaji anachokifanya: anaangalia nini, anaamua nini, anaongozwa na dalili gani. Hicho cha pili hakitoki kwa kuombwa tu. Kina namna yake ya kuchimbwa.

Nitakwenda na mfano mmoja, kozi ya utunzaji wa chanjo kwa wauguzi wa zahanati. Tuseme mtaalamu wetu ni muuguzi wa siku nyingi, sasa mratibu wa chanjo wa wilaya, aliyeanza kazi enzi za majokofu ya mafuta ya taa; tumwite sista. Wanafunzi ni wauguzi walioajiriwa karibuni, wengine wako peke yao zahanati nzima, wana simu ya mkononi na bando la kubana matumizi. Msanifu wa kozi ni kijana ambaye hajawahi kushika kichupa cha chanjo. Hilo si kasoro, na mara nyingi ni faida, kwa sababu atauliza maswali ambayo mwenye ujuzi angeona haya kuyauliza.

Kwenye slaidi za sista imeandikwa kwamba chanjo zitunzwe kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ni kweli, na hakuna muuguzi asiyelijua hilo, alilikariri chuoni. Shida inakuja asubuhi ya huduma ya mkoba, yaani ya kupeleka chanjo vijijini, pale chanjo zinapotolewa kwenye jokofu na kupangwa kwenye kibebeo pamoja na pakiti za barafu. Pakiti ikitoka kwenye friza moja kwa moja huwa na baridi chini ya sifuri kwa mbali, na inaweza kuigandisha penta, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja ambayo huharibika ikiganda, iliyolala ubavuni mwake. Kwa hiyo sista huzitoa pakiti mapema, huziacha mezani mpaka zitoe jasho, halafu huchukua moja na kuitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yanacheza ndani, anaanza kupanga. Asiposikia, anasubiri.

Kitendo hicho cha kutikisa pakiti sikioni hakimo kwenye slaidi zake. Pameandikwa tu "tumia barafu iliyoanza kuyeyuka". Imeanza kuyeyuka kiasi gani? Nitajuaje? Sista haoni kama hapo pana swali.

Kwa nini anayejua hasemi

Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, alifanya jaribio jepesi. Mtu mmoja anagonga mdundo wa wimbo maarufu kwa kidole mezani, mwenzake anabashiri ni wimbo gani. Wagongaji walikadiria kwamba wenzao wangepatia nusu. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilipatiwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, na ala zake na maneno yake. Anayesikiliza anasikia ko-ko-ko. Slaidi nyingi za mafunzo ni hiyo ko-ko-ko.

Richard Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walilitazama jambo hili kwa madaktari wa upasuaji wanaofundisha. Walikuta kwamba mtaalamu akieleza kazi yake mwenyewe, anaweza kuacha hadi kama asilimia 70 ya maamuzi anayoyafanya akiwa kazini. Hafichi kitu. Jambo ukishalifanya mara nyingi linahamia mikononi na machoni, halipiti tena kwenye maneno. Ndiyo maana mtu aliyebobea kabisa anaweza kuwa mwandishi mbaya wa kozi, na yule wa miaka mitatu kazini, ambaye bado anakumbuka alikojikwaa, akawa msaada mkubwa zaidi. Mimi nikipewa nafasi ya kuwa na wataalamu wawili, namtaka mmoja wa kila aina.

Viwanda vya Marekani vilipambana na shida hii kabla ya kompyuta. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Charles Allen alitumia hatua nne kufundishia wajenzi wa meli: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mpe afanye, kisha mpime. Mwaka 1940 serikali ya Marekani ikaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, uliodumu hadi 1945, na hatua hizo zikageuzwa kuwa somo la saa 10 la kuwafunza wasimamizi wa viwandani namna ya kumfundisha mtu kazi. Ndani yake mlikuwa na onyesho la kufunga fundo la waya wa umeme. Mkufunzi alimweleza mwanafunzi kwa maneno matupu, akashindwa. Akamwonyesha kimyakimya, akashindwa. Mara ya tatu alionyesha hatua moja baada ya nyingine, akitaja katika kila hatua lile jambo la kushika, na fundo likafungika.

Kutoka huko tumerithi karatasi ambayo bado sijaona programu yoyote iliyoishinda. Ina safu mbili, hatua upande mmoja, jambo la kushika upande wa pili. "Pakiti iko tayari" ni hatua. "Itikise, usikie maji" ni jambo la kushika. Mimi huongeza safu ya tatu: wageni hukosea wapi. Safu hiyo ndiyo itakayozaa maswali yote ya kozi, kwa hiyo ikibaki tupu ujue mahojiano hayajaisha.

Kumhoji sista

Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwachunguza makamanda wa zimamoto miaka ya 1980 akitaka kujua wanaamuaje ndani ya sekunde chache. Walimjibu kwamba hawaamui. Wanaona tu la kufanya. Akaacha kuuliza "huwa unafanyaje" na badala yake akawaomba wasimulie tukio moja gumu, kisha akarudi nalo mara ya pili na ya tatu akisimama kila penye kugeuka: hapo uliona nini, ungeona tofauti ungefanya nini, mgeni angekosea wapi. Kwa msanifu wa kozi, mbinu hiyo ina faida kuliko fomu yoyote ya kukusanya mahitaji ya mafunzo.

Kwa sista, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo sista."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na maswali yako?"

"Nina moja tu leo. Nisimulie safari moja uliyofika zahanati ukakuta chanjo zimeharibika."

"Ziko nyingi. Kuna mahali jokofu lilikuwa limezidisha baridi."

"Ulijuaje?"

"Niliona tu."

"Uliona nini kwanza?"

"Sikuona, nilishika. Nilipitisha mkono ukuta wa nyuma, nikakuta ganda la barafu, na penta zimepangwa zimeuegemea. Nikamwambia binti, muuguzi wa pale, hebu nipe fomu ya joto. Nne, nne, nne. Asubuhi nne, jioni nne, wiki mbili. Nikasema hapa pana jambo. Jokofu gani hilo linakaa nne tu?"

"Na ile alama ya kwenye kichupa?"

"Ilikuwa safi kabisa. Ndiyo maana mwenzangu alikuwa ametulia."

Maneno hayo ya dakika mbili yana kozi ndani yake kuliko slaidi mia. La kwanza, mkono unapita ukuta wa nyuma kabla ya macho kusoma kipimajoto. La pili, namba zisizobadilika kwenye fomu ni dalili ya kutiliwa shaka, si ya kupongezwa. La tatu ndilo zito kuliko yote, linalohusu alama ya kwenye kichupa. Alama hiyo ni duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inatumika. Mraba ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, inatupwa. Lakini alama hiyo hupima joto lililojilimbikiza tu. Chanjo ikiganda, haisemi neno. Muuguzi aliyefundishwa "angalia alama" na akaangalia kweli, anaweza kuchoma penta iliyokufa siku nzima akiwa na dhamiri safi.

Msanifu aliyesikia hayo hana haja ya kufungua slaidi tena siku hiyo. Ana haja ya kuuliza linalofuata: sasa wewe ulithibitishaje? Hapo sista ataeleza jaribio la kutikisa. Unachukua kichupa cha chanjo ile ile ya toleo lile lile, unakigandisha kwa makusudi kiwe jiwe, unakiacha kiyeyuke, halafu unakitikisa pamoja na kile unachokitilia shaka na kuvitazama vikitulia. Chembe za chumvi ya aluminiamu zilizomo kwenye chanjo hushikana zikiganda, haziachani tena, kwa hiyo mashapo hutua upesi. Cha mashaka kikitua kwa kasi ile ile au zaidi, kimeharibika. Na kama ulikikuta kimeganda jiwe, hakuna cha kujaribu; kinatupwa.

Neno moja kuhusu adabu, maana hapa ndipo vijana wengi wa kompyuta huharibu. Kumwambia mtu mzima mwenye uzoefu "hujaeleza vizuri" ni kufunga mlango. Mwambie umeshindwa kuelewa wewe, umwombe akuonyeshe kwa vitendo. Na usimpe kazi ya kuandika. Wataalamu wengi wakiandika huwa rasmi mno, kila sentensi inavaa tai. Wakituma sauti ya WhatsApp wakiwa njiani kwenda usimamizi, wanasema yale yale waliyomwambia binti. Sauti hizo ndizo malighafi.

Je, hili ni la kozi kweli?

Kabla ya kusanifu chochote kuna swali linalorukwa kwa sababu jibu lake linaudhi. Yule binti aliandika nne wiki mbili kwa sababu hajui kusoma kipimajoto? Au kimeharibika, na kila akiripoti hapati jibu? Au siku aliyoandika tisa alifokewa mbele ya wagonjwa, akajifunza kwamba nne ndiyo namba ya amani? Robert Mager, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu malengo ya mafunzo tangu miaka ya 1960, alikuwa na namna ya kulimaliza: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii kama uhai wake ungetegemea hilo? Kama angeweza, kinachomzuia si kutojua, na kozi haitamsaidia. Anahitaji kipimajoto, au msimamizi mwenye lugha nyingine. Msanifu mwaminifu humwandikia bosi hivyo, hata kama anajua bosi alitaka kozi.

Kuna pia mambo yasiyohitaji kufundishwa bali kubandikwa. Orodha ya chanjo zinazoharibika kwa kuganda inafaa iwe kwenye mlango wa jokofu, si kwenye kichwa cha muuguzi. Ukitoa ya kubandikwa na ya kurekebishwa na uongozi, kozi ya saa tatu hubaki na maamuzi matano au sita yanayokosewa. Hayo ndiyo kozi.

Sasa tazama tofauti. Swali la kawaida la mwisho wa kozi huuliza: chanjo zitunzwe kwa nyuzi joto ngapi? Kila mtu anapata, hakuna aliyejifunza. Lingine linasema hivi: ni saa kumi na mbili asubuhi, unaelekea huduma ya mkoba. Pakiti za barafu umezitoa sasa hivi, ngumu kama jiwe, zina unga mweupe juu. Unabeba penta, surua-rubela na matone ya polio. Bodaboda anapiga honi nje, na kina mama wanaanza kujipanga kule kijijini. Utafanya nini? Unaweza kupanga tu, ukaifunga penta kwa gazeti. Unaweza kuiweka penta juu kabisa, mbali na pakiti za chini. Unaweza kwenda bila barafu, kwa kuwa safari ni ya nusu saa. Au umwombe bodaboda asubiri mpaka maji yasikike.

Majibu yale mabaya hayakutungwa na msanifu. Yametoka kwenye safu ya tatu, ni mambo ambayo sista ameyakuta, na kila moja lina mantiki yake kwa mtu aliye na haraka. Jibu baya ambalo hakuna mwenye akili angelichagua linapoteza nafasi. Na mtu akichagua gazeti, asiletewe alama nyekundu ya "umekosa". Aonyeshwe kinachofuata: kibebeo kinafunguliwa, kichupa kinaonekana kizima, alama yake ni nzuri, watoto wanachomwa mmoja mmoja, na kadi za kliniki zinajazwa.

Wataalamu wakigongana

Mara tu ukipata mtaalamu wa pili, watatofautiana. Chukua kichupa cha penta kilichofunguliwa. Sera ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu chanjo za aina hiyo kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, ilimradi masharti yake yametimizwa, ikiwemo kuhifadhiwa vizuri na alama ya kichupa kuwa haijafika kikomo. Surua-rubela na BCG, ile ya kifua kikuu, ni habari nyingine. Zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kliniki ikiisha, lolote litakalotangulia. Lakini utamkuta mtaalamu wa zamani ambaye hutupa kila kilichofunguliwa jioni, kwa usalama, na amewafundisha hivyo wauguzi wengi. Msanifu hana mamlaka ya kuamua, na akijaribu atawapoteza wote wawili.

Dawa yake hupatikana kabla ya kazi kuanza. Mtu mmoja anatajwa kwa maandishi kuwa ndiye mwenye neno la mwisho, na mwongozo wa taifa unaotumika sasa unawekwa mezani. Ukishakuwepo, hulazimiki kumpinga mtu. Unauliza: "Sista, mwongozo unasema hivi, kule zahanati inakuwaje?" Pengo kati ya mwongozo na hali halisi mara nyingi ni habari ya thamani kubwa, linaonyesha pale mwanafunzi atakapovutwa na wenzake waache alichofundishwa. Lipe nafasi kwenye kozi waziwazi.

Kuna mgongano mwingine wa kimya, ule wa "weka na hii". Mtaalamu akipewa rasimu huongeza. Anahofia wenzake wataiona kozi yenye jina lake wakasema ameacha la msingi, na hofu hiyo ina haki yake. Nimeona swali moja likisaidia: muuguzi asipojua hili, kitaharibika nini, na ataligundua lini? Likiwa na jibu, linaingia. Likikosa jibu, linakwenda kwenye faili la rejea lenye jina lake juu, na heshima inabaki pale pale. Pia usimtumie rasimu nzima ukaomba "maoni". Mtumie tukio moja, umwulize kama kuna jibu ambalo muuguzi halisi asingelifikiria.

Kuhusu upande wa teknolojia nitakuwa mfupi, kwa sababu ndio unaopewa muda mwingi isivyostahili. Moodle, mfumo wa bure ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutoka rasmi mwaka 2002, una programu ya simu inayomruhusu mtu kupakua somo penye mtandao na kulisoma baadaye. Kwa zahanati hilo ni muhimu kuliko michoro inayotembea. Video ya mkono unaotikisa pakiti ikiwa ya nusu dakika inatosha, na sauti ya maji isikike. Jaribu kozi kwenye simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka kabla hujaionyesha ofisini kwenye kompyuta kubwa. Na jaribio la kutikisa halijifunzi kwa kubofya: kozi inaliandaa, usimamizi unalikamilisha, muuguzi akilifanya mbele ya mratibu na vichupa viwili mkononi.

Kupima ndiko kunakofanywa vibaya zaidi. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alitenganisha ngazi nne: walipenda, walijifunza, wanafanya tofauti, na kazi imebadilika. Mifumo ya mtandaoni huhesabu vizuri waliomaliza na alama walizopata, kwa hiyo ripoti hujaa hizo. Kwa chanjo tuna bahati, kuna vifaa vya kielektroniki vinavyokaa ndani ya jokofu na kutunza kumbukumbu ya joto ya siku 30, vikipiga kengele joto likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa saa nzima. Hesabu kengele hizo miezi mitatu kabla ya kozi na miezi mitatu baada yake, kwenye zahanati zile zile. Muulize sista pia kama fomu za joto zimeanza kuwa na namba zinazopanda na kushuka.

Limebaki moja linalosahaulika mpaka linapoumiza. Miongozo ya chanjo hubadilika. Huongezwa chanjo mpya, hurekebishwa ratiba. Kozi iliyobaki na kanuni ya zamani itaendelea kuifundisha kwa wafanyakazi wapya, tena kwa nembo ya wizara. Kila tukio ndani ya kozi liwe na tarehe ya mara ya mwisho kuhakikiwa na cheo cha aliyelihakiki, na katika makubaliano ya mwanzo iandikwe kabisa ni nani atamjulisha msanifu mwongozo ukibadilika, na msanifu ana siku ngapi za kurekebisha.